Rufaa Ambayo Sikuiandika

Mimi nina mdomo. Nalisema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, maana ukishuka Rujewa ukamwuliza mtu yeyote wa upande wetu wa mashamba ya mpunga habari za Nesi Faustina, atakwambia ni mchapakazi, kisha atacheka, atakwambia lakini huyo mama ana mdomo, weee. Ni kweli. Nimewafokea wajawazito, nimewafokea waume zao, nimemfokea hata diwani aliyekuja kupima presha akiwa amelewa. Ila niliowafokea kuliko wote ni wale wanaoniletea mtu aliyeungua akiwa amepakwa vitu.

Jamani, nimeona mengi. Nimefungua vidonda vya moto nikakuta dawa ya meno, yai bichi, unga, mafuta ya taa, tope, na manyoya ya sungura yaliyogandana na nyama kiasi kwamba kuyatoa ni kumuunguza mtu mara ya pili. Nawauliza, maji hamna? Mnaishi katikati ya mifereji, maji yanapita mlangoni kwenda kwenye majaruba ya mpunga, mtoto anaungua nyie mnakimbizana na sungura. Weka maji ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini, funika na kitenge safi, mlete. Nimelisema kanisani, nimelisema mnadani, nimelisema kliniki ya watoto mpaka watoto wenyewe wanalijua kama wimbo.

Mwezi ujao nastaafu. Mwenyekiti wa kijiji anakusanya watu wanifanyie sherehe, na nasikia kuna ng'ombe wa kuchinjwa. Lakini kabla sijapanda gari kurudi kwetu Iringa, kulikuwa na jambo moja la kumaliza, na jambo lenyewe ni binti mmoja anayeitwa Roza Masanja, miguu yake, na baba yake ambaye binti haongei naye vizuri kwa sababu yangu. Nimekaa nalo miaka tisa. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu alizaliwa, akakua, akahamia chumbani kwangu kabisa.

Nimezaliwa kwenye kijiji jirani na Tosamaganga, kwenye baridi na pombe ya ulanzi, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi. Uuguzi nilifundishwa na mtawa mmoja mzee, mwembamba, mkali kuliko mimi. Somo la majeraha ya moto alilifundisha kwa siku tatu, na alirudia jambo moja mpaka tukachoka. Alisema moto uliogusa juu ya ngozi unaleta malengelenge na mtu analia sana, na huyo usimwogope sana. Mwogope ambaye moto umeingia ndani, kwa sababu huko ndani umeua mishipa ya fahamu, na kilichokufa hakiumi. Kwa hiyo usitazame kilio. Bonyeza ngozi kwa kidole uone kama damu inarudi. Gusa kwa ncha ya sindano safi, mwulize mgonjwa kama anasikia. Na ukikuta kuungua kwa uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au maungio, hata pawe padogo, andika rufaa, usijifanye mjuzi. Mtihani wa somo hilo nilipata tisini na moja. Cheti ninacho mpaka leo.

Nilipohamishiwa huku Usangu nilikuta joto, mbu, mpunga na ng'ombe. Ng'ombe waliletwa na Wasukuma waliohama kutoka kaskazini, familia kwa familia, na sisi wengine, Wasangu, Wabena, Wahehe, tuliwasema kama watu wanavyosema wageni. Moja tulilolisema sana ni kwamba Msukuma hasikii maumivu. Na mimi nililiona kwa macho, au nilidhani nimeliona. Mwanamke wa Kisukuma anajifungua mtoto wa kilo nne hatoi hata mguno. Mwanamume nimemshona mkono nyuzi kumi na mbili, dawa ya ganzi imeisha, anaangalia ukutani. Nikazoea. Nikawa natania, wewe Msukuma bwana, nyie mmeumbwa na mti gani? Nao wanacheka. Zahanati yote ilikuwa yangu, maana tabibu alikuwa masomoni, na mimi na mhudumu mmoja ndio tuliobaki.

Sasa, ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2016, mavuno yameingia, mashine za kukoboa zinanguruma toka asubuhi. Pumba za mpunga hutupwa nyuma ya mashine, na msimu ukikolea lundo linakuwa refu kuliko nyumba. Mtu akitupa kaa la moto pale, moto hauwaki. Unaingia ndani, unatembea chini kwa chini, wiki mbili, wiki tatu. Juu unaona majivu ya kijivu, yametulia, hata moshi hauoni. Wenyeji wanajua, hawapiti. Masanja alikuwa hajamaliza mwaka mmoja tangu aje na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Siku hiyo alikuja na binti yake wa miaka tisa kuchukua pumba laini za kulishia ndama, upepo ukapeperusha kiroba, Roza akakifuata peku juu ya lundo. Miguu ilizama mpaka kwenye vifundo. Alipiga hatua tano au sita humo ndani kabla baba yake hajamfikia na kumnyanyua.

Na huyu Masanja, ambaye hakuwahi kukaa kwenye mafundisho yangu hata siku moja, alifanya kila kitu sawasawa. Alimkimbiza mtoto mferejini, akamkalisha miguu ikiwa kwenye maji yanayopita, akakaa naye muda mrefu. Hakupaka kitu. Akamfunga miguu kwa shuka safi aliloomba kwa watu wa mashine, akampakia kwenye baiskeli.

Kabla yao kama robo saa alikuwa ameingia Veneranda. Huyu alikuwa mama lishe pale pale mashineni, Mhehe mwenzangu, tunasali jumuiya moja. Mwanawe Eveline, mwaka mmoja na nusu, alikuwa amejivutia birika la chai, ikammwagikia begani na kifuani. Malengelenge yamejaa, ngozi nyekundu, mtoto analia mpaka sauti imekatika, mama analia, mawifi wawili na shangazi nao wanalia, na dawa ya meno imepakwa kila mahali. Nilifoka kuhusu dawa ya meno huku nasafisha. Lakini Veneranda alikuwa ananilalamikia kwa Kihehe, kwa maneno ambayo mama yangu alikuwa akiyatumia, na moyo wangu ulishikwa, sifichi. Gari la wagonjwa lilikuwa linapita kurudi hospitali ya wilaya, Rujewa, saa sita. Nikamwandikia Eveline rufaa, nikamwambia dereva, Ombeni, asubiri dakika kumi.

Katika dakika hizo kumi ndipo Masanja alipoingia amembeba Roza.

Nilimweka mtoto kitandani, nikafungua shuka. Majivu yalikuwa yameshika kila mahali, nikayafuta kwa maji ya chumvi. Nyayo zilikuwa nene, ngumu, nyayo za mtoto anayechunga peku. Ngozi ilikuwa nyeupe sehemu nyingine, kahawia sehemu nyingine, kavu, haina lengelenge hata moja. Nilibonyeza kidogo, kwa haraka, sikungoja kuona kama damu inarudi. Mtoto hakushtuka. Alikuwa ameinua macho anatazama picha ya chanjo ukutani. Chumba cha pili Eveline anapiga kelele, na huyu hapa ametulia kama yuko kanisani. Trei ya sindano ilikuwa kando ya mkono wangu wa kulia. Sikuigusa. Nilishaamua kwamba ule unene wa nyayo ndio umemwokoa. Nikamgeukia baba yake, nikamwambia umezaa askari, mzee, angalia mwenzake anavyolia kwa chai tu. Masanja akatabasamu kidogo kwa adabu. Nikaendelea kumsifia mtoto wakati namfunga.

Ombeni alipiga honi. Masanja akatazama dirishani, kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Nesi, na huyu haendi na gari?"

"Wewe ndiye daktari?" nikamjibu.

Gari likaondoka na Veneranda, mtoto, mawifi wawili na shangazi. Watu wananiambia nisijitese, gari lilikuwa limejaa. Halikujaa. Ningemshusha yule shangazi, Roza angekaa, na baba yake angekaa hata sakafuni. Shangazi yule alikwenda Rujewa kulia tu, na huku angeweza kulia vilevile.

Kwetu kila mgonjwa ana daftari lake la shule, ndilo linaloandikwa habari zake, na analirudisha nyumbani. Kwenye daftari la Roza niliandika kuungua nyayo, si kali, nikaandika krimu, bandeji, dawa ya maumivu, arudi baada ya siku mbili. Rufaa sikuandika.

Walirudi baada ya siku mbili, asubuhi na mapema. Ilikuwa siku ya kliniki, akina mama sitini uani. Nilifungua bandeji nikakuta utando mweupe. Ile krimu ya majeraha ya moto ina tabia hiyo, ikikaa inaacha utando mweupe, na chini yake huwezi kujua kilicho hai na kilichokufa mpaka uusafishe vizuri. Sikuusafisha vizuri. Nilisema krimu inafanya kazi. Nikaandika siku tatu.

Siku ya tatu, walikuwa wa kwanza mlangoni. Masanja hakuchelewa hata dakika, nataka lieleweke hilo. Kila nililosema alilifanya. Nilisikia harufu kabla hajamlaza mtoto. Roza alikuwa na homa ya arobaini, midomo imekauka, na nilipofungua, vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vyeusi. Ndipo nilipochukua sindano. Niligusa vidole, niligusa unyayo, nilipandisha mpaka juu ya kifundo ndipo mtoto akavuta mguu. Niliandika rufaa kwenye karatasi yake, siyo kwenye daftari, nikapiga simu tatu, gari likaja. Siku ile sikumfokea mtu yeyote.

Rujewa hawakumkalisha hata saa moja, wakampeleka Mbeya. Alikaa hospitali miezi mitatu. Mguu wa kushoto ulipona kwa kupandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Wa kulia waliukata vidole vyote na nusu ya mbele ya unyayo. Mtoto aliyekuwa anakimbia na ndama akarudi na mguu unaoishia katikati. Eveline alipona kwa wiki mbili. Sasa yuko darasa la nne, na kovu lake ukitaka kuliona lazima uambiwe liko wapi.

Nilikwenda Mbeya kumwona baada ya wiki mbili. Masanja alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema asante nesi kwa kutuwahisha siku ile. Nilirudi nikingoja barua kutoka wilayani. Nilijua lazima mtu ataandika, mtoto ameungua hivi, amekaa siku tano mikononi mwa zahanati, ni nani aliyemwona? Wiki zikapita. Barua haikuja. Mwezi wa tisa mke wa Masanja alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwangu, salama, wakamwita Malimi. Barua bado haikuja. Nikamshukuru Mungu. Hilo ndilo nililomshukuru Mungu, na ninalisema hapa nikiwa na aibu.

Nilianza kumnunulia Roza viatu. Kiatu cha dukani hakikai kwenye mguu ule, kinachomoka, lakini Mbeya, kwenye soko la Mwanjelwa, yuko fundi mmoja, Asukile, anayejua kujaza mbele kwa sponji na kushona mshipi wa kushika kifundo. Kila mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa, nilimchukua Roza tukaenda Mbeya, Asukile akampima, tukazunguka sokoni tukila mihogo ya kukaanga mpaka kiatu kiishe. Kijijini wakasema Nesi Faustina ana moyo. Padri alinitaja kwenye mahubiri. Nilikaa kwenye benchi nikatazama magoti yangu. Sifa ambayo si yako inauma, tena inauma mahali ambapo huwezi kumwonyesha mtu.

Miaka mitatu iliyopita, Roza akiwa na miaka kumi na mitano, tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha Asukile tukingoja gundi ikauke. Binti amekua, mrefu, anasoma sekondari Rujewa na kukaa kwa shangazi yake. Nikamwuliza mbona likizo hakwenda kwao. Akasema hana hamu ya kukaa na baba. Nikasema mzazi ni mzazi, mambo ya kawaida ambayo watu wazima tunasema. Akaniangalia, akasema:

"Wewe uliandika rufaa siku ile ile, nesi. Baba ndiye aliyeiweka mfukoni akaenda mnadani kuuza ng'ombe. Alikiri mwenyewe mbele ya daktari, mimi nimelala pale nasikia."

Hakukuwa na rufaa siku ile. Hakukuwa na mnada. Masanja alikuwa ametunga habari nzima akajitwisha mwenyewe, na mtoto wake aliisikia akiwa kitandani, akaiamini, akakua nayo. Nilikuwa na nafasi pale pale. Asukile alikuwa ametoka kununua uzi, tulikuwa wawili tu. Ningesema, Roza, mwanangu, si kweli, ni mimi.

Nilimwambia anywe soda yake kabla haijapoteza ubaridi.

Kosa la sindano lilikuwa la haraka na ujinga, na hata yule mtawa wangu angeweza kulisamehe. Hili la soda nililifanya nikiwa na akili zangu zote. Na nililifanya tena kila mwaka uliofuata, na mwaka huu pia. Masanja alikuwa anapeleka mchele kwa dada yake Rujewa, anakaa uani kwenye kigoda, Roza anamsalimia kwa heshima inayotakiwa, shikamoo baba, kisha anaingia ndani kusoma. Mzee anamaliza chai yake anaondoka. Dada yake ndiye aliyenihadithia hayo, akimlaumu kaka yake, akisema kwa huyu ni ng'ombe, ng'ombe tu. Nami nikaitikia, nikasema eeh.

Wiki iliyopita nilichukua bodaboda mpaka kwa Masanja. Nilimkuta anaziba uzio wa ndama kwa miiba. Tukaamkiana, mwangaluka, mwangaluka, Kisukuma changu kinaishia hapo. Akataka kumwita mke wake alete maziwa, nikamwomba asimwite. Nikamwambia nimekuja kusema jambo moja na nisipolisema leo nitaondoka nalo Iringa na kuzikwa nalo. Nikamweleza yote. Sindano niliyoiacha kwenye trei, shangazi kwenye gari, utando mweupe, lile jibu nililompa aliponiuliza. Sikujitetea kwa kusema nilikuwa peke yangu. Nililia, ndiyo, na yeye akaendelea kushika mwiba mkononi bila kuuweka chini.

Alisema alikuwa anajua. Kule Mbeya daktari kijana alimsimamisha kando ya kitanda mbele ya watu, akamwuliza huyu mtoto siku tano mmemfungia ndani mkifanya nini, na nani alimwona kwanza, toa daftari. Masanja alikuwa nalo ndani ya koti. Hajui kusoma vizuri, lakini alivyoona uso wa yule daktari alielewa kwamba lile daftari lina mtu ndani yake. Akasema limepotea. Akasema nesi aliandika rufaa siku ya kwanza, yeye akaenda mnadani. Yule daktari alimfokea, Masanja akaniambia, kama wewe unavyowafokea watu wa dawa ya meno. Alisema hivyo bila ubaya wowote.

Nikamwuliza kwa nini.

"Mke wangu alikuwa na mimba, na nesi tulikuwa naye mmoja," akasema. "Ungeondolewa, nani angempokea? Nikasema mtoto akizaliwa salama, nesi atakuja kusema mwenyewe. Basi, nikangoja."

Akaweka mwiba chini, akaingia ndani, akakaa muda. Alirudi na daftari limefungwa kwenye nailoni. Karatasi zimekuwa njano, mwandiko ni wangu. Akanipa. Nikamwambia twende wote kwa Roza. Akakataa. Alisema akisema yeye, binti ataona anajitetea, na kwamba miaka tisa ameshazoea kungoja. Hakuwa na hasira nami. Afadhali angekuwa nayo.

Jumamosi nilikwenda Rujewa. Shangazi alikuwa sokoni, Roza alikuwa uani anafua sare za shule, viatu amevivua, miguu iko kwenye maji ya sabuni. Akafuta mikono, akanipa benchi, akafurahi kuniona kama anavyofurahi siku zote. Nikampa daftari. Nikamwambia soma ukurasa wa kwanza na wa pili, tazama tarehe, tafuta neno rufaa.

Alisoma mara mbili, akifuata kwa kidole. Nikamwambia baba yako hakwenda mnadani. Siku zote nilizoandika humo alikuja, na aliniomba upande gari nikamfokea. Alidanganya ili mimi nisifukuzwe, mama yako apate wa kumzalisha. Na mimi nimelijua hilo tangu siku ile kwa Asukile, nikanyamaza, kwa sababu nilipenda unavyoniona. Nilimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayataka, kusema kweli.

Roza alifunga daftari akaliweka juu ya mapaja. Maji ya sabuni yalitiririka kutoka kwenye ule mguu nusu kuelekea kwenye mfereji wa uani. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Siku ile, mbona hukuniuliza mimi?"

Nikamwuliza nikuulize nini, mwanangu.

"Kama inauma. Nilikuwa siisikii miguu, kama imetolewa. Nilikuwa naogopa sana. Nikawa nakungoja unitazame nikwambie, lakini wewe ulikuwa unaongea na baba."

Akainuka, akavaa viatu, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba mkoba wa nguo na lile daftari, akaniambia nimwambie shangazi kwamba amekwenda kwao. Sare alikuwa ameziacha kwenye beseni. Nilizisuuza, nikazianika, kisha nikakaa tena kwenye benchi kumngoja shangazi arudi kutoka sokoni.